Uliza Mwalimu wa Hesabu: Punguzo la 20% na 10% sio 30%

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za kitu kimoja, punguzo. Wengine wanaliita diskaunti, wengine wanasema tu "nimepunguziwa", sasa nimechagua sita ambazo nikizijibu vizuri naamini na wengine watakuwa wamejibiwa humohumo. Chukua simu yako fungua kikokotoo tuende pamoja, maana hesabu za kusoma kwa macho tu hazikai kichwani.

Shikamoo Mwalimu. Nina duka la vyombo vya plastiki Mbagala, mzigo nachukua Kariakoo. Juzi sapulaya alinipa karatasi ya bei imeandikwa ndoo dazeni 60,000, akasema wenye maduka tunapata punguzo 20% halafu mimi kwa kuwa ni mteja wa zamani naongezewa 10%. Nikapiga hesabu 30%, nikaenda na 420,000 ya dazeni kumi. Kufika kaunta naambiwa 432,000. Nikaazima 12,000 kwa mwenzangu nikalipa lakini roho inaniuma, naona nimeibiwa.

Marahaba mama. Hujaibiwa, na nafurahi umeandika kuliko kukaa na kinyongo na mtu unayefanya nae biashara kila wiki.

Iko hivi. Dazeni kumi ni 600,000. Punguzo la kwanza 20% linakatwa kwenye 600,000, inatoka 120,000 inabaki 480,000. Sasa lile la pili la 10% halirudi tena kwenye 600,000, linakatwa kwenye kilichobaki, yaani 10% ya 480,000 ambayo ni 48,000, unabaki na 432,000. Wewe ulikata 10% kwenye 600,000 ukapata 60,000. Tofauti ya 60,000 na 48,000 ndio hiyo 12,000 uliyoazima.

Kwa hiyo 20% na 10% zikifuatana zinakuwa 28% kamili, sio 30%. Njia ya haraka usijisumbue kutafuta kinachotolewa, tafuta kinachobaki: ukitoa 20 kwenye 100 inabaki 80, ukitoa 10 inabaki 90, basi bonyeza 600000 mara 0.8 mara 0.9 jibu linakuja lenyewe. Na ukianza na 0.9 ndio uje 0.8 jibu ni lilelile, kwa hiyo mtu asikubabaishe kwamba "kwako nimeanza na lile kubwa". Haibadilishi kitu.

Yakija matatu ndio watu wanapotea kabisa. Umeambiwa 20, 10 na 5, kichwani unasikia 35. Piga 0.8 mara 0.9 mara 0.95 unapata 0.684, maana yake unalipa 68.4% na umepunguziwa 31.6%. Kwenye mzigo wa milioni moja ulikuwa unategemea kulipa 650,000 kumbe ni 684,000, hapo na hela ya kirikuu ishaliwa.

Na swali ambalo hukuuliza ila naliona, kwanini wasiandike tu bei moja wakaishia hapo? Ile karatasi ya bei inachapishwa mara moja inatumika kwa wateja wa aina zote, wa rejareja, mwenye duka dogo kama wewe, na yule anayejaza fuso kwenda mkoani. Bei ni moja, kinachotofautisha wateja ni punguzo, na soko likibadilika wanabadilisha punguzo tu bila kuchapa karatasi upya. Hilo ndio linaitwa punguzo la biashara. Unalipata kwa sababu wewe ni mfanyabiashara au umechukua mzigo mkubwa, ulipe leo ulipe mwezi ujao halijali. Liweke akilini hilo tunalihitaji kwenye barua inayofuata.

Mwalimu shikamoo, nipo kidato cha pili Singida. Nachanganya punguzo la biashara na punguzo la fedha, na mwalimu wetu akileta swali lenye yote mawili darasa zima tunakosa. Halafu lipi linaingia kwenye daftari na lipi haliingii?

Marahaba mwanangu. Nimesahihisha madaftari ya hili somo miaka mingi na kosa ni lilelile kila mwaka kwa hiyo msijione wajinga, ni kwamba majina mawili yanafanana wakati kazi zake ni mbali kabisa.

Punguzo la biashara lipo kabla deni halijazaliwa. Punguzo la fedha linakuja baada ya deni kuwepo, ni zawadi ya kulipa mapema. Ukishika neno hilo "deni" umemaliza nusu ya kazi.

Chukua mfano huu. Bidhaa za 800,000 kwa bei ya orodha, punguzo la biashara 25%, na punguzo la fedha 5% kama utalipa ndani ya siku 14. Kwanza 800,000 mara 0.75 ni 600,000. Hilo ndio deni. Ile 200,000 iliyokatwa haikuwahi kuwa deni la mtu yeyote, kwa hiyo kwenye daftari la manunuzi unaandika 600,000 na kwenye leja unaandika 600,000, ile 800,000 inaishia kwenye invoisi tu haivuki. Sasa umelipa siku ya 10, umewahi, unakata 5% ya 600,000 ambayo ni 30,000, unatoa 570,000.

Hapo ndio vitabu vinataka kuonyeshwa ile 30,000 imeenda wapi. Ulikuwa unadaiwa 600,000, umetoa 570,000, na hudaiwi tena. Akaunti ya anayekudai lazima ifungwe, kwa hiyo unadebiti (unaandika upande wa kushoto) akaunti ya mdai wako 600,000, unakrediti (upande wa kulia) benki 570,000, na unakrediti punguzo lililopokelewa 30,000. Hiyo ni faida kwako. Kwa yule muuzaji ni kinyume, kwake inaitwa punguzo lililotolewa na ni gharama.

Kwenye daftari la fedha la safu tatu kumbuka upande wa kushoto hela inaingia, na anayekuletea hela ni mteja wako, kwa hiyo punguzo lililopo upande huo ni lile ulilolitoa wewe. Kulia hela inatoka, punguzo la hapo ni ulilopokea. Na zile safu za punguzo hazisawazishwi hata siku moja! Safu ya fedha na ya benki ndio unatafuta baki, safu ya punguzo unajumlisha tu kila upande peke yake unapeleka leja. Wanafunzi wanatoa upande mkubwa kwa mdogo wanaandika baki, wanapoteza maksi kwenye swali ambalo walikuwa washalijua.

Makosa mengine mawili uyaogope. Moja kukata 5% kwenye 800,000 ukapata 40,000. La pili kujumlisha 25 na 5 ukakata 30% ukapata 560,000. Yote mawili yanatokana na kutojiuliza hii asilimia ni ya nini. Kabla hujabonyeza kikokotoo andika pembeni kwa penseli "5% ya deni", maneno hayohayo matatu.

Habari Mwalimu, mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Nimepata invoisi ya nondo na saruji 4,500,000 ya tarehe 25 Machi, chini pameandikwa 2/10, n/30. Mzigo umenifikia tarehe 29 na usafiri 120,000 nimempa dereva mkononi. Mwenzangu anasema hiyo 2% ni hela ya kitoto tuachane nayo tulipe mwisho wa mwezi wa nne. Mimi nafikiria hata kukopa nilipe mapema. Nani yuko sahihi?

Nzuri kaka. Hii barua nimeisoma mara mbili kwa sababu jambo hili lilishawahi kutugharimu hela ndefu nikiwa nasaidia duka la shemeji yangu, ntakuelezea hapohapo chini.

Kwanza tusome hayo maandishi. 2/10 ni kwamba unapunguziwa 2% ukilipa ndani ya siku 10. Hiyo n/30 ni kwamba usipolipa ndani ya hizo kumi basi deni lote bila punguzo linatakiwa ndani ya siku 30. Siku zinahesabiwa kuanzia tarehe ya invoisi na ile tarehe yenyewe haihesabiwi, moja ni tarehe 26. Machi ina siku 31 kwa hiyo mpaka tarehe 31 ushatumia siku 6, zinabaki 4, siku yako ya mwisho ya punguzo ni tarehe 4 Aprili. Siku ya thelathini ni tarehe 24 Aprili, sio mwisho wa mwezi wa nne kama anavyosema mwenzako, mwambie hilo mapema.

Hapa ndipo sisi tuliumia. Invoisi ilikuwa ya 3,200,000, punguzo 3% ukilipa ndani ya siku 7, hiyo ni 96,000 ambayo ilikuwa inatosha kulipa kijana wa dukani na umeme. Mzigo ukachelewa njiani siku nne, sisi tukaanza kuhesabu siku ulipofika maana ndio siku tuliyouona kwa macho. Tukalipa tukiwa na uhakika tupo ndani ya siku, tumekata 96,000 yetu, simu ikaja kwamba tunadaiwa 96,000. Nikaivuta ile nakala ya njano ya invoisi, tarehe ipo juu kulia imegongwa muhuri, na chini kwenye masharti hakuna popote palipoandikwa kuhesabu ni kuanzia mzigo kupokelewa. Walikuwa na haki. Kama unajua mzigo wako huwa unachelewa njiani zungumza na sapulaya kabla, wapo wanaokubali siku zianze mzigo ukifika ila iandikwe kwenye invoisi, ya mdomoni haikusaidii.

Sasa hiyo 2% sio ya kitoto hata kidogo. Kwenye 4,500,000 ni 90,000, unalipa 4,410,000. Ile 120,000 ya dereva haihusiki, punguzo ni la bidhaa tu. Ukikataa punguzo unachopata ni nini? Unapata kukaa na 4,410,000 kwa siku 20 zaidi, kuanzia tarehe 4 mpaka tarehe 24, na unazilipia 90,000. Gawa 90,000 kwa 4,410,000 unapata kama 2.04% kwa siku 20. Mwaka una siku 365, siku ishirini ishirini ziko 18.25, zidisha inafika 37.2% kwa mwaka. Benki ikikwambia mkopo wa 37% utatoka ofisini kwao bila kuaga, ila hapa unaukubali kimyakimya kwa sababu umeandikwa kwa tarakimu ndogo.

Tuseme benki inakukopesha kwa 18% kwa mwaka. 4,410,000 mara 0.18 mara 20 gawa kwa 365 ni kama 43,500. Unaokoa 90,000, unalipa riba 43,500, mkononi inabaki 46,500. Angalia na makato ya kuufungua huo mkopo, kama hayafiki hapo basi kopa ulipe, wewe ndio uko sahihi. Lakini tuseme unataka kukopa mahali wanapotoza 9% kwa mwezi, hiyo ni 396,900 kuokoa 90,000, usithubutu. Kwa hiyo jibu la "nikope au nisikope" linategemea unakopa kwa nani.

Na kama hela unayo mkononi tayari? Hapo jiulize hiyo hela ikibaki inazunguka kweli? Kama ni msimu wa ujenzi na una mteja anasubiri mabati, ukiinunulia mabati leo ukauza ndani ya wiki mbili kwa faida ya 6%, hiyo inazidi 2.04% na sikulaumu ukiacha punguzo. Ila ukweli ninaouona kwenye maduka mengi ni kwamba hela inakaa tu, au inaliwa kidogokidogo, na siku ya 30 ikifika inatafutwa. Kama ndio hali yako lipa tarehe 4.

Usilipe tarehe 28 Machi ukidhani utaongezewa, 2% ni ileile ya siku ya kumi. Na ukishaikosa tarehe 4 usikimbilie kulipa tarehe 6, hakuna zawadi tena, tulia mpaka karibu na 24.

Kitu kimoja zaidi kwa kuwa najua hela yote haipatikani kwa mpigo. Tuseme tarehe 4 una milioni 2 tu. Kama sapulaya anakubali punguzo kwa malipo ya nusunusu, muulize kwanza maana sio wote, basi hiyo milioni 2 haiui deni la milioni 2. Kila 98 unayolipa inaua 100, kwa hiyo gawa 2,000,000 kwa 0.98, inaua 2,040,816, na deni linalobaki ni 2,459,184. Wengi wanafanya 2% ya milioni 2 wanapata 40,000, wanapoteza 816. Ni ndogo kwa leo, lakini ukifanya kila invoisi mwaka mzima itaonekana.

Niaje Mwalimu, nakusoma nikiwa Mombasa. Fundi wangu wa kompyuta ameniletea bei ya 250,000 kabla ya VAT, na punguzo la 15%. Tumebishana, mimi nasema akate punguzo kwanza ndio aweke VAT, yeye anaweka VAT kwanza. Nani anapunjwa?

Poa ndugu yangu. Kwa asilimia hamna anayepunjwa. Kata kwanza: 250,000 mara 0.85 ni 212,500, weka VAT ya Kenya 16% inafika 246,500. Weka VAT kwanza: 290,000, kata 15%, 246,500 ileile. Ni kuzidisha tu, kama ndoo za mama wa Mbagala.

Ila ubishi wenu sio wa bure. Kwanza angalia VAT iliyoandikwa kwenye invoisi yenyewe. Kwa njia yako VAT ni 34,000, kwa njia yake anaweza kuandika 40,000 halafu akakata punguzo chini kwenye jumla, na hapo karatasi inasema kodi ambayo sio ya bei uliyolipa. Punguzo mlilokubaliana kabla ya kuuziana likatwe juu, kodi ikae kwenye bei halisi. Kama invoisi imeshatoka kwenye eTIMS, ule mfumo wa invoisi za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Kenya, na punguzo limekuja baadae, mwambie atoe krediti noti, yaani hati ya kupunguza kiasi cha invoisi, asifute kwa kalamu.

Pili, punguzo likiwa la shilingi na sio la asilimia, utaratibu unaleta tofauti. Akikupunguzia 20,000 kabla ya VAT unalipa 230,000 mara 1.16 ambayo ni 266,800. Akikupunguzia 20,000 baada ya VAT unalipa 270,000. Tofauti 3,200, hapo ndio pa kubishana.

Mwalimu, sabuni katoni 24,000. Mmoja ananipa 10%, mwingine anasema nunua 10 upate 1 bure. Si ni kitu kimoja?

Karibu kiwe kimoja lakini hapana. Ya bure moja juu ya kumi unapata katoni 11 kwa 240,000, gawa kwa 11 kila moja inasimama 21,818. Yule wa 10% anakupa kwa 21,600. "Kumi upate moja" ni punguzo la 9.09%, kwa sababu moja unaigawa kwa kumi na moja. Na huyu wa 10% hata ukitaka katoni tatu anakupa, huyu mwingine lazima ufike kumi. Kama sabuni inatoka haraka na duka lina nafasi tofauti ni ndogo, kama inakaa chukua 10%.

Mwalimu naomba msaada, mimi nauza vitenge Tabora. Sikukuu iliyopita nilipandisha bei 20% kisha nikaweka tangazo la punguzo 20% nikijua nitarudi palepale. Nimeuza sana kuliko siku zote ila hela ya kurudi kuchukua mzigo haitoshi. Sielewi.

Pole sana dada, hii imeniuma kwa sababu ulifanya kazi kweli na mzigo ukatoka. Tuseme kitenge ulinunua 50,000, ukapandisha 20% ikawa 60,000. Ulipokata 20% ulikata kwenye 60,000, ikatoka 12,000 ikabaki 48,000. Kila kitenge ulichouza ulipoteza 2,000, na kadri ulivyouza zaidi ndio shimo likachimbika zaidi.

Kurudi palepale baada ya kukata 20% inabidi uwe umepandisha 25%, sio 20%. 50,000 ongeza 25% ni 62,500, kata 20% unarudi 50,000. Na hapo bado hujapata faida hata ya nauli. Anza mwisho urudi nyuma: wewe unataka nini mkononi baada ya punguzo? Tuseme faida ya 15%, yaani 57,500. Gawa hiyo kwa 0.8, unapata 71,875. Hiyo ndio bei inayoweza kubeba punguzo la 20%.

Ila kama wenzako sokoni wanauza 60,000, bei ya 72,000 iliyokatwa haina maana, mteja anajua. Heri upunguze 4% kwenye 60,000, uuze 57,600, faida yako ipo palepale na tangazo lako ni la kweli. Mzigo ujao kabla hujabandika karatasi ukutani niandikie bei uliyonunulia na bei ya jirani, ntakupigia hesabu.